Umekabidhiwa Pensheni za Majaji: Mwongozo wa Kuanza Kazi

Kila afisa anayehamishiwa dawati la pensheni za majaji huja na maswali yale yale. Kwa nini majaji wasilipwe kama watumishi wengine wa umma? Naanza na sheria ipi? Nani ana kauli ya mwisho? Mbona Wizara ya Fedha iko kimya? Kuyajibu kwa simu, mmoja baada ya mwingine, kunachosha. Basi nayaweka hapa kwa ajili yako wewe uliyepokea barua ya uhamisho wiki iliyopita, pamoja na mafaili ambayo mwenzako aliyaacha bila maelezo.

Mwongozo huu ni wa Uganda. Ukiwa Tanzania, ambako majaji wana sheria yao ya mishahara na mafao ya mwaka 2007, au Kenya, utaratibu wa kazi utakufaa lakini ibara nitakazotaja si zako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Katiba ya 1995 pamoja na marekebisho yake. Weka alama kwenye ibara za 93, 128, 144, 158 na 254.
- Sheria ya Pensheni na kanuni zake.
- Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2020, hasa jedwali lake la mafao ya kustaafu.
- Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015.
- Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, kwa sababu utashika tarehe za kuzaliwa, majina ya wenza na hali za afya za watu.
- Mtu mmoja wa kumpigia simu katika kila ofisi hizi: Wizara ya Utumishi wa Umma, Wizara ya Fedha, Wizara ya Sheria, utawala wa Mahakama na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Cheo si lazima kiwe kikubwa. Unamtaka yule anayejua faili liko kabati gani.
- Barua ya Katibu Mkuu inayotamka kwamba wewe ndiye unayeongoza kazi hii. Bila barua hiyo kila kikao kitaanza kwa kuulizana nani amekutuma.

Angalizo kuhusu vitabu vya sheria: toleo jipya la sheria zilizorekebishwa lilianza kutumika Julai 2024, na namba za sura na vifungu zimehama. Waraka wa zamani unaotaja "Sura ya 286" unazungumzia Sheria ya Pensheni kwa namba yake ya zamani. Ukinakili namba hiyo kwenye waraka mpya, mwandishi wa sheria ataurudisha hata kama hoja yako ni nzuri.

Hatua ya 1: Andika kilichokwisha kuahidiwa

Usianze na unachotaka kubadilisha. Chukua karatasi moja, andika kile ambacho nchi imeshajifunga nacho.

Ibara ya 128 inasema mishahara, posho, viinua mgongo na pensheni za watu wa Mahakama hutoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Ibara hiyo hiyo inakataza kubadilisha mshahara, marupurupu au mafao ya kustaafu ya afisa wa mahakama kwa namna itakayompa hasara. Ibara ya 158 inarudia katazo la namna hiyo kwa kila mwenye ofisi inayolipwa na mfuko huo. Ibara ya 254 inataka pensheni ya mtumishi wa umma ilingane na cheo, mshahara na muda wa utumishi wake, isikatwe kodi, ipitiwe mara kwa mara kadiri thamani ya fedha inavyobadilika, na ilipwe kwa wakati bila kumsumbua mstaafu.

Ibara ya 144 ndiyo yenye umri. Jaji Mkuu, Naibu wake, na majaji wa Mahakama ya Juu na Mahakama ya Rufaa huondoka wakitimiza miaka 70. Jaji Kiongozi na majaji wa Mahakama Kuu huondoka wakiwa na 65. Wote wanaweza kustaafu kwa hiari baada ya 60, na jaji aliyefikia ukomo anaweza kuongezewa muda usiozidi miezi mitatu amalize mashauri aliyobaki nayo. Miezi hiyo mitatu inaonekana kitu kidogo mpaka siku unapoulizwa kama inaingia kwenye hesabu ya pensheni. Iandike kwenye karatasi yako.

Kosa la wageni wengi ni kusoma "afisa wa mahakama" na kuelewa "jaji". Mahakimu na wasajili nao ni maafisa wa mahakama, lakini umri wa ibara ya 144 uliwekwa kwa majaji. Kila sentensi utakayoandika kuanzia leo, jiulize inamhusu nani.

Hatua ya 2: Panga orodha ya watu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaparuka. Sera ya pensheni ni swali la nani aliteuliwa lini na kwa masharti gani. Bila orodha hiyo, kila takwimu utakayoitoa ni ya kubahatisha.

Tengeneza jedwali la Excel, mstari mmoja kwa kila mtu: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuapishwa, mahakama aliyoanzia na aliyopo sasa, utumishi wa umma wa nyuma kama upo, kama aliteuliwa kwa mkataba au kukaimu, tarehe ya kufikia ukomo, na wategemezi waliosajiliwa. Weka makundi matatu: walioko kazini, waliostaafu, na marehemu ambao familia zao bado zinalipwa. Wa kundi la tatu ndio husahaulika, na ndio watakaokuja mlangoni kwako kwanza.

Linganisha orodha ya Mahakama na ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, kisha na daftari la malipo ya pensheni. Zitapishana. Jaji mmoja ana tarehe mbili za kuzaliwa, mwingine barua yake ya kwanza ya uteuzi haipo. Usisahihishe kwa kukisia. Andika tofauti hizo kwenye safu yake na umwandikie mhusika barua ya heshima akuletee nakala. Kumbuka kwamba nchi hii ilipitia uchunguzi mkubwa wa wastaafu hewa mwaka 2012, na tangu hapo mkaguzi anayekuja kwenye malipo ya pensheni haji kunywa chai.

Faili lenyewe lilinde kwa neno la siri, na usilitume kwa WhatsApp hata bosi akikuharakisha.

Hatua ya 3: Piga hesabu mbili kwa mkono wako

Kabla hujamwita mtaalamu yeyote, elewa tatizo kwa kalamu. Kanuni ya kawaida ya pensheni ya utumishi wa umma ni hii: mshahara wa mwaka, mara idadi ya miezi ya utumishi, gawa kwa 500. Pensheni haizidi asilimia 87 ya mshahara. Theluthi moja ya pensheni ya mwaka huzidishwa mara 15 na kulipwa kwa mkupuo kama kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazobaki hulipwa kila mwezi.

Sasa chukua majaji wawili wa Mahakama Kuu, wote na mshahara wa mfano wa shilingi milioni 10 kwa mwezi, yaani milioni 120 kwa mwaka. Tarakimu hii nimeichagua kwa sababu inagawanyika vizuri tu.

Wa kwanza alikuwa wakili wa kujitegemea, akaapishwa akiwa na miaka 52. Akifikia 65 atakuwa na miezi 156. Pensheni yake ya mwaka: milioni 120 × 156 ÷ 500 = milioni 37.44. Kiinua mgongo: theluthi yake, milioni 12.48, mara 15 = milioni 187.2. Kila mwezi atapata milioni 2.08.

Wa pili alianza kama hakimu akiwa kijana, akapanda ngazi kwa ngazi, na utumishi wake wote ukihesabiwa ana miezi 360. Pensheni ya mwaka ni milioni 86.4, kiinua mgongo milioni 432, na kila mwezi milioni 4.8.

Benchi moja, joho moja, mashauri yale yale, na mmoja anaondoka na zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Kwa kanuni hii, asilimia 87 hufikiwa baada ya miezi 435, zaidi ya miaka 36, na anayetoka kwenye uwakili hawezi hata kuikaribia. Ndiyo sababu majaji walihitaji utaratibu wao: nchi inataka wanasheria waliokomaa waache ofisi zenye kipato wakiwa na miaka hamsini na kitu, kisha wasiwe na hofu ya uzeeni inayoweza kumfanya mtu atazame nani atamfaa kesho. Mtu wa Wizara ya Fedha akikuuliza "kwa nini majaji?", mpe hesabu hii. Hotuba kuhusu heshima ya Mahakama ameshaisikia.

Ukimaliza, rudia hesabu hizo hizo kwa jedwali la Sheria ya 2020, uweke matokeo kando kwa kando.

Hatua ya 4: Andika swali la sera kwa sentensi moja

"Kuboresha mafao ya majaji" si swali. Haya ni maswali: Je, pensheni ya jaji aliyestaafu ipande kila mshahara wa jaji aliyeko kazini unapopanda, au ifuate mfumuko wa bei? Je, waliostaafu kabla ya sheria ya 2020 wanalindwa vipi? Je, mjane wa jaji aliyefia kazini apate sehemu gani, kwa muda gani? Jaji akijiuzulu na miaka 57, utumishi wake unahesabiwaje?

Chagua moja, mawili kwa shida. La kwanza peke yake linaweza kula mwaka. Mishahara ya majaji ikipandishwa kwa kiwango kikubwa siku moja, aliyestaafu mwezi uliotangulia anabaki na pensheni ya mshahara wa zamani, na atamwona aliyekuwa msaidizi wake akistaafu na zaidi yake. Kufunga pensheni na mshahara wa aliyeko kazini kunaondoa manung'uniko hayo. Lakini kunamaanisha pia kwamba kila nyongeza ya mshahara ni nyongeza ya pensheni, na Hazina haitakuwa na breki. Mimi naona mapitio ya lazima kila baada ya miaka kadhaa, yaliyoandikwa ndani ya sheria, ni salama kuliko kufunga moja kwa moja. Wengine wanabisha, na hoja zao zina uzito.

Hatua ya 5: Mwite aktuari, lakini umwambie unataka nini

Aktuari ni mtaalamu wa kukadiria gharama za pensheni za miaka ijayo. Pensheni ya utumishi wa umma Uganda hailipwi kutoka kwenye akiba iliyowekezwa. Hulipwa kutoka bajeti ya kila mwaka. Kwa hiyo kosa la leo halionekani leo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka makadirio ya angalau miaka miwili baada ya muswada kuanza kutumika. Hiyo haitoshi hata kidogo: jaji wa Mahakama Kuu aliyeapishwa na miaka 50 na kukaa hadi ukomo hatakugharimu pensheni kwa miaka 15 ijayo. Omba makadirio ya miaka 30.

Mpe aktuari orodha ya Hatua ya 2 ikiwa imeondolewa majina, na umwombe ajaribu mambo matatu: majaji wakiongezwa idadi, mishahara ikipanda, na wastaafu wakiishi muda mrefu kuliko inavyotarajiwa. Majibu yawe kwa shilingi za leo na yawe na ukurasa mmoja ambao Waziri anaweza kuusoma ndani ya gari. Ripoti ya kurasa mia moja itabaki kuwa pambo la kabati.

Hatua ya 6: Andika kanuni za mpito mapema

Hapa nakusihi usipite haraka. Sera nyingi za pensheni hazifi kwa sababu ya kiwango. Zinafia kwenye mpito: nani anabaki kwenye utaratibu wa zamani, nani anaingia kwenye mpya, na kwa sababu gani.

Uingereza ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2015 ilianzisha mpango mpya wa pensheni za majaji wenye faida ndogo, ikawaacha majaji wenye umri mkubwa kwenye mpango wa zamani na kuwahamisha vijana. Majaji waliohamishwa walishtaki serikali. Desemba 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko, katika shauri la McCloud, ilisema huo ni ubaguzi wa umri. Kwa kuwa mipango mingine ya utumishi wa umma ilikuwa na mpito wa namna ile ile, dosari ile ilienea mpaka kwa walimu, wauguzi na polisi, na ilibidi sheria mpya itungwe mwaka 2022 kurekebisha. Walikuwa na wataalamu wa kila aina, na bado waliteleza kwenye aya ya mpito.

Kwetu, ibara ya 128 inafanya jambo hili kuwa zito zaidi. Kanuni ya kufuata: aliyeko kazini asipoteze chochote, au apewe hiari ya kuchagua kwa maandishi baada ya kuonyeshwa hesabu zake zote mbili. Ukomo wowote mpya uwahusu watakaoteuliwa baada ya tarehe iliyotajwa. Kisha omba maoni ya kisheria ya Mwanasheria Mkuu kwa maandishi, usitegemee kauli ya kwenye korido. Ukumbuke pia kwamba mgogoro ukitokea utaamuliwa na majaji, ambao wote wana maslahi humo. Andika kwa uwazi kiasi kwamba asiwepo wa kulazimika kutafsiri.

Hatua ya 7: Zungumza na majaji kwa mlango sahihi

Usimpigie jaji unayemfahamu kumuuliza "nyinyi mnaonaje?" Pitia kwa Katibu wa Mahakama, na kwa maandishi. Katika kikao ni Mheshimiwa Jaji, hata kama mlisoma darasa moja Makerere. Wape hoja, sikiliza, andika kumbukumbu, na usiahidi kiwango chochote. Sentensi kama "nadhani itapita" ikitoka kinywani mwa afisa wa serikali, kesho yake inarudi kama ahadi.

Alika pia wastaafu na, ikiwezekana, wajane na wagane. Wao ndio wanaojua fomu ipi inakwamisha. Mjane aliyerudi Arua anayeongea Kilugbara na Kiswahili hataweza kujaza fomu ya Kiingereza cha kisheria peke yake. Atalazimika kumpa mtu kitu kidogo amsaidie.

Hatua ya 8: Waraka, cheti, muswada

Mpangilio ni huu: waraka wa Baraza la Mawaziri pamoja na tathmini ya athari, idhini ya Baraza, kuandikwa kwa muswada Wizara ya Sheria, cheti cha athari za kifedha kutoka kwa Waziri wa Fedha, Bunge.

Muswada unaoongeza mzigo kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina lazima uletwe kwa niaba ya serikali. Ndivyo ibara ya 93 inavyotaka. Kwa hiyo mbunge rafiki akijitolea kuupeleka kama muswada binafsi, mshukuru na umkatalie.

Kalenda nayo haina huruma. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Waraka wa mfumo wa bajeti hufika Bungeni ifikapo Desemba 31, bajeti yenyewe Aprili 1, na Bunge huipitisha ifikapo Mei 31. Gharama yako isipokuwa ndani kabla ya Desemba, umejichelewesha mwaka mzima. Wengine hudhani kwamba malipo yanayotoka moja kwa moja Mfuko Mkuu hayahitaji kupangwa. Yanahitaji. Bunge haliyapigii kura kama matumizi mengine, lakini lazima mtu ayaweke kwenye makadirio ya Mahakama, fungu namba 101.

Hatua ya 9: Fuata mpaka shilingi ifike

Anza faili la mstaafu miezi 12 kabla ya tarehe ya ukomo, kwani tarehe hiyo inajulikana tangu siku ya kuapishwa. Hakiki taarifa za benki, kitambulisho cha taifa na wategemezi. Kila mwaka omba uthibitisho wa kuwa hai, kwa njia isiyomlazimisha mzee wa miaka 80 kusafiri hadi Kampala.

Ukikwama

*Wizara ya Fedha haijibu ombi la cheti.* Hakikisha una nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inahesabu cheti kuwa kimetolewa siku 60 zikipita tangu ombi. Itumie kama njia ya mwisho, maana utawahitaji tena mwakani.

*Vyombo vya habari vinasema majaji wanajipendelea.* Toa mfano wa Hatua ya 3, na ueleze kwamba muswada ni wa serikali. Usibishane redioni.

*Watumishi wengine wanadai nao.* Watadai. Walimu na mahakimu watakuja na hoja nzuri. Usiseme majaji ni bora kuliko wao. Eleza kuteuliwa kwa kuchelewa na katazo la Katiba. Mahakimu na wasajili wafungulie faili lao, usiwachomeke kwenye muswada dakika za mwisho.

*Tarehe mbili za kuzaliwa.* Zuia hesabu, usizuie faili. Waandikie Mahakama na Tume kwa pamoja, na uamuzi utoke kwao kwa maandishi.

*Mstaafu amefariki na wake wawili wamekuja.* Usimlipe yeyote kwa maelezo ya mdomo. Mafao yaliyobaki ndani ya miaka 15 tangu kustaafu ni ya familia, na mwenye haki ya kuyapokea huonyesha hati ya usimamizi wa mirathi. Wape wote wawili orodha ya nyaraka ile ile, siku hiyo hiyo, na uandike kwenye faili kwamba umewapa.

*Waziri amebadilishwa katikati ya kazi.* Mpelekee ule ukurasa mmoja wa aktuari na karatasi ya Hatua ya 1, kabla hajapelekewa toleo la mtu mwingine.